Watu wa Kwenye Mbao za Papa

Papa, baba yetu, alikuwa seremala katika kambi ya machimbo ya bati, upande wa Walikale, si mbali na Mubi. Hatukuwa wenyeji wa huko. Kwetu ni Bihambwe, juu Masisi, ambako watu hutoka nje asubuhi wamejifunika blanketi na ng'ombe hutoa moshi puani. Vita vya wazungu vilipokwisha, kampuni ilituma watu milimani kutafuta mafundi, na Papa, aliyekuwa amejifunza kupiga randa misioni, akakubali mkataba. Tukashuka, yeye, Mama, mimi na wadogo zangu, tukaingia katika nchi ya miti mirefu ambako jua huonekana vipande vipande. Mama alikuwa akisema kwamba tangu siku ile nguo zake hazikukauka tena sawasawa.

Misioni Papa alijifunza kitu kingine ambacho hakuna aliyemfundisha. Padri alimpa kazi ya kunakili picha za watakatifu kwa ajili ya ukuta wa kanisa. Papa akazinakili, lakini kila mtakatifu akatoka na uso wa mtu wa kijijini. Mmoja alikuwa na mashavu ya muuza maziwa, mwingine macho ya katekisti mwenyewe. Watu walicheka katikati ya misa, na katekisti hakumsemesha Papa mpaka Pasaka. Papa alituhadithia habari hiyo mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba hakukusudia. Mkono wake, alisema, haukujua kuchora mtu asiyekuwepo.

Kambini alitengeneza mifereji ya mbao ya kuoshea madini, masanduku ya kuyatia, mipini ya sururu, milango, vitanda. Alifanyia kazi katika ateliye, banda refu lililokuwa kati ya ghala na barabara. Mama na mimi tulimpelekea chakula adhuhuri, na tuliporudi tulijaza maranda kwenye kapu kwa ajili ya kuwashia moto, maana kuni za kule zilikuwa na maji ndani kama matunda. Vipande vya mbao visivyofaa kitu alivitupa pembeni, na wakati wa mapumziko alichukua kimoja, akakiweka juu ya goti, akatoa ile kalamu nene bapa ya maseremala nyuma ya sikio, akaanza kuchora watu aliofanya nao kazi.

Wa kwanza alikuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua cha mbele na filimbi iliyoning'inia shingoni, na alizoea kupanda juu ya kitu chochote ili aonekane: jiwe, sanduku, gogo. Papa akamchora jogoo amesimama juu ya lundo la udongo, filimbi mdomoni, manyoya yamefutuka. Kalamu ilikuwa moja na nyeusi tu, lakini ungedhani unaona wekundu wa kile kishungi. Wachimbaji walipoiona walishikana mabega kwa kucheka. Kapita naye alicheka, ila alianza baada ya wengine na akamaliza kabla yao.

Halafu akaja shofere wa lori la kampuni. Huyo alikuwa na masikio makubwa, na kwenye ubao masikio yakawa milango ya lori, yamefunguka pande zote mbili, na yeye katikati anashika usukani mdogo kama pete. Shofere aliipenda mbao ile hata akaomba ipigiliwe mlangoni mwa ateliye ili aione kila anapopita. Baada yake karani wa ghala, mtu mrefu asiyezungumza sana, akatoka korongo, mguu mmoja juu, kalamu nyuma ya sikio, anadonoa changarawe moja moja. Karani aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. "Iko mimi," akasema, akaenda zake.

Ukuta wa ateliye ukajaa. Watu waliokuja kutengenezewa mpini walikaa kuliko ilivyohitajika. Hata mzungu wa kambi alipita siku moja, mikono nyuma, akaangalia mbao moja baada ya nyingine, akacheka hasa kwa jogoo. Kisha akauliza, "Na mimi?"

Papa alikuwa amesimama wima. "Bwana," akajibu, "mbao zenye zilibaki ni kidogo."

Mzungu akacheka tena, akaondoka. Jioni ile Papa aliturudia na habari hiyo akiwa na furaha ya mtu aliyeruka shimo. Mama hakufurahi. Alikuwa akimenya ndizi, akasema bila kuinua macho, "Muntu ukimuchekesha na sura yake, iko siku atakuuliza hiyo sura uliitoa wapi."

"Wanacheka wenyewe, Mama watoto."

"Wanacheka, njo," Mama akakubali. "Mimi nasema siku hawatacheka."

Katika wachimbaji kulikuwa na mmoja mwenyeji wa huko, mtu wa msituni, ambaye alikuwa mwindaji kabla ya kuingia kazi ya kampuni. Alikuwa mkubwa wa mwili na mwepesi wa mwendo, na alimwita Papa "kaka wa baridi," kwa sababu ya kutoka kwetu. Sisi tulipofika, wakati Mama hajui jani lipi laliwa na lipi laua, mke wake ndiye aliyemshika mkono na kumwonyesha. Alimfundisha kukausha samaki juu ya moshi na kupika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese mapya, na Mama, ambaye alikuwa akilia kwa kukosa maziwa, akaanza kula. Yule bwana alituletea nyama ya nungu mara kwa mara, imefungwa kwenye majani, akaiweka mlangoni bila kubisha.

Alikuwa na kitu kimoja ambacho kambi yote ilikijua: saa ya mapumziko alilala. Alilala palepale alipokuwa, juu ya udongo, juu ya mawe, mkono chini ya shavu, na mvua ndogo haikumwamsha. Filimbi ikilia alikuwa wa kwanza kusimama na wa kwanza kuchimba, lakini ule usingizi wake ulikuwa mchezo wa watu wote. Kwa hiyo Papa akamchora. Alimchora amelala ndani ya shimo la machimbo, mkono chini ya shavu, na udongo amejifunika hadi kifuani kama blanketi, miguu imetokeza upande wa pili. Juu ya ukingo jogoo anapuliza filimbi mpaka macho yamemtoka, na mlalaji anatabasamu.

Hakuna mbao iliyopendwa kama ile. Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita wenzake, akajilaza juu ya maranda, akavuta maranda mengine mpaka kifuani, akafumba macho, akauliza, "Haiko hivi? Haiko hivi?" Mimi nilikuwepo. Nilicheka na watu wote.

Msimu wa mvua kubwa wachimbaji walikuwa wakikata chini ya ukingo mrefu upande wa kijito. Madini yalikuwa katika tabaka la chini, na kadiri walivyoyafuata ndivyo ukingo ulivyobaki umening'inia juu yao. Kulikuwa na ufa juu, kwenye majani. Ulianza mwembamba kama mzizi, baadaye mtu angeweza kuingiza mkono. Jambo hili halikuwa siri. Wanawake walilizungumza kisimani. Wachimbaji walimwambia kapita, na kapita akawajibu kwamba mzungu anataka tabaka lile liishe kabla maji ya kijito hayajapanda. Papa alishuka huko kupima mahali pa mfereji mpya, na aliporudi alituambia wakati wa kula, "Ule udongo umesimama kwa huruma tu." Kisha akaomba chumvi.

Siku ukingo ulipoanguka ilikuwa asubuhi, na mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa na Mama tunafua. Sauti haikuwa kubwa kama watu wanavyodhani. Ilikuwa kama ng'ombe mzito anapojilaza chini, pumzi na uzito pamoja, halafu kimya, halafu filimbi. Filimbi ile ililia bila kupumzika hadi mtu akamnyang'anya kapita.

Wawili walitolewa wakiwa hai. Yule mwindaji hakutolewa hadi mchana, na walipomfikia alikuwa ameshika beleshi kwa mikono miwili. Wote waliokuwa pale waliliona hilo. Ilibidi wamlegeze vidole.

Papa alitengeneza sanduku la maiti. Alikataa chakula, akapiga randa mbao ambazo hazikuhitaji kupigwa tena, na alipomaliza aliteremsha ile mbao ya mlalaji ukutani, akaigeuza uso ukutani nyuma ya meza.

Kesho yake Mama na mimi tulipofika na chakula tulimkuta mzungu wa kambi ndani ya ateliye, pamoja na kapita. Kapita alijua mbao ilipo. Aliitoa nyuma ya meza yeye mwenyewe na kuisimamisha kwenye mwanga.

"Unaona, Bwana," akasema. "Kila siku alikuwa analala mule ndani. Hata seremala alimuona."

Mzungu aliitazama, safari hii bila kucheka. "Njo wewe ulichora?"

"Njo mimi, Bwana," Papa akajibu. "Lakini iko muchezo. Alikuwa analala saa ya kupumuzika, kama watu wote. Jana alikuwa anachimba. Walimutoa na beleshi mukononi."

"Umemuchora analala ndani ya shimo."

"Nilichora muchezo, Bwana." Kisha Papa akasema neno ambalo Mama alilisikia akashika mkono wangu kwa nguvu. "Ukingo ulikuwa na ufa. Wachimbaji walisema."

Mzungu akamgeukia kapita. Kapita akaangalia viatu vyake.

"Wewe uliona huo ufa?" mzungu akamuuliza Papa.

"Niliona, Bwana. Siku nilienda kupima mufereji."

"Na ulikuja kuniambia?"

Mzungu alingoja jibu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, halafu akaipa mbao mgongo. "Kazi yako iko mbao," akasema, "haiko udongo." Akatoka.

Asubuhi iliyofuata, wachimbaji walipojipanga mstari kabla ya kazi, kapita alipanda juu ya sanduku akatangaza kwamba mwenzao amekufa kwa sababu ya usingizi wake, na kwamba kila mtu ajifunze kuwa macho kazini. Shofere, aliyekuwa akipakia lori, alimwambia Papa baadaye kwamba wale watu walikuwa wakitazama ardhi, na alipowaangalia vizuri akaona si kapita waliyemkasirikia. Kapita walimzoea. Walikuwa wanafikiri juu ya mbao.

Maana hiyo ndiyo habari iliyoanza kutembea. Seremala wa milimani alimfunika mwenzake udongo kabla udongo haujaanguka. Alimlaza shimoni, akamfumba macho. Na wengine wako ukutani mwake, na nani anajua amewaandalia nini.

Karani alikuja wa kwanza. Alikuja na adabu zake zote, akasimama mlangoni, akaomba apewe korongo. Papa akampa. Karani akamshukuru, akaifunika kwa koti lake kama mtu anayeficha jeraha. Wengine hawakuomba. Waliingia, wakatafuta sura zao, wakaondoka nazo. Jioni moshi wa kambi ulinuka mbao kavu. Kapita alimpasua jogoo kwa shoka palepale mbele ya ateliye, akahakikisha watu wanamwona. Shofere peke yake alikataa. "Yangu ibaki," alisema. "Masikio yangu yalikuwa makubwa mbele ya seremala kuzaliwa." Lakini hakucheka aliposema hivyo, na siku chache baadaye mbao ile nayo ilikuwa haipo. Mke wake alikuja kuichukua.

Kwetu nyumbani mambo yaligeuka polepole. Jirani ambaye kila asubuhi alimpa Mama kaa la moto sasa alisema moto wake umezimika, na moshi tunauona. Watoto waliitwa waache kucheza na wadogo zangu. Papa alipotoa kipimo chake kupima mlango, mwenye nyumba alitoka nje na kusimama mbali mpaka kazi iishe, asije akapimwa yeye.

Halafu akaja ndugu wa marehemu, mkubwa wake, mwindaji pia. Alikuja mchana, peke yake, bila silaha, akakubali kiti. Mama alimletea maji. Hakuyanywa, lakini hakuyakataa pia, aliyaweka karibu na mguu.

"Seremala, sikuja kugombana," akasema. "Nakuuliza tu. Ulimutia udongo juu mbele udongo umuangukie. Ulijua nini?"

"Sikujua kitu, kaka."

"Muntu anachora kitu anajua."

Nilimtazama Papa, nikaona kwamba neno lile limemwingia mahali ambapo yule mtu hakupajua.

"Watu wa kwetu wanataka kiapo, ile dawa ya kuonyesha nani iko na kosa," mgeni akaendelea. "Utakunywa ao hautakunywa?"

Mama akasema kutoka jikoni, "Papa, sisi ni watu wa kanisa."

"Na mimi nilibatizwa, Mama," mgeni akamjibu kwa upole. "Mudogo wangu naye alibatizwa. Udongo haukumuuliza jina la ubatizo."

Walikuwa bado wamekaa hivyo mjane alipoingia. Alikuwa amenyolewa kichwa, mtoto wake mdogo mgongoni. Sijui kama alimfuata shemeji yake au alikuwa na safari yake mwenyewe. Hakumsalimu mtu. Alimwambia Papa, "Nataka kuona ile mbao."

"Dada, iache," Papa akasema. "Nitaichoma mimi mwenyewe."

"Nataka kuiona. Mimi sijaiona. Watu wote waliiona, mimi sijaiona."

Tukaenda ateliye sote, shemeji yake nyuma. Papa aliitoa nyuma ya meza akaiweka kwenye benchi. Nilidhani mjane ataipiga, ataikanyaga. Aliketi chini, akamteremsha mtoto, akaivutia mbao kwenye mapaja yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Akapitisha kidole juu ya uso, juu ya mkono ule chini ya shavu.

"Njo yeye," akasema. "Hata nyumbani alikuwa analala hivi. Nilikuwa namuambia mukono utakufa ganzi." Kisha kidole kikashuka kifuani. "Hii udongo ni wewe uliitia?"

"Njo mimi."

"Iondoe."

Papa alimwangalia kana kwamba hakuelewa. Halafu akaibana mbao kwenye meza ya kazi, akachukua randa ndogo, akaanza kuuondoa udongo. Alifanya kazi taratibu, kwa kuogopa kugusa uso. Maranda membamba yaliyotoka yalikuwa na alama nyeusi za kalamu, yalijikunja na kuanguka. Udongo ukaisha, na ukingo, na jogoo juu yake, pakabaki mahali peupe palipobonyea kidogo, na kichwa na miguu ya mtu ambaye katikati hana mwili.

"Alikuwa analala juu ya nini?" Papa akauliza.

"Juu ya mukeka. Ule wa mistari."

Akamchora kifua, akamchora mkono wa pili umelala juu ya tumbo, akamtandikia mkeka chini yake, mstari baada ya mstari. Mjane alimsahihisha mara moja, akasema mistari ilikuwa inakwenda upande huu. Papa akafuta akarudia. Shemeji mtu alikuwa ameegemea nguzo ya mlango. Mjane aliifunga mbao kwenye kitambaa na kumrudisha mtoto mgongoni. Hapo shemeji akaanza, "Sasa ile habari ya kiapo..."

"Kama iko muntu wa kuulizwa," mjane akamkata, "muulize nani aliwaambia wachimbe pale." Akapita mbele yake, akaenda.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Kiapo hakikutajwa tena mbele yetu, hilo ni kweli. Lakini kapita hakuulizwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyejua kumuuliza kapita swali na kubaki kazini. Jirani hakuurudisha moto. Kitanda ambacho Papa alikuwa amemtengenezea mchimbaji mmoja kilikutwa kimeachwa barabarani, kizima, mvua inakinyeshea. Papa aliacha kuchora. Kalamu ilirudi nyuma ya sikio kwa ajili ya vipimo tu, na baadaye hata vipimo alipiga kwa msumari, akikwaruza alama kwenye mbao, ili watu wasimwone ameshika kalamu. Usiku hakulala vizuri. Nilimsikia Mama akimwambia kwamba si yeye aliyeuangusha ule ukingo, na nilimsikia akijibu kwamba anajua.

Mkataba wake ulipoisha hakuomba mwingine, na mzungu hakumbembeleza. Tulipanda kwa miguu, vitu kichwani, vyombo vyake vya kazi katika sanduku alilobeba yeye na mtu mmoja wa kukodi. Njia yetu ilipita Ntoto. Huko tulipumzika kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza chumvi na mafuta kwenye baraza ya nyumba yake. Alitupa viazi vitamu, akatuuliza tunatoka wapi, kisha akamuuliza Papa, kwa wema tu, anafanya kazi gani.

"Nalima," Papa akasema.

Lile sanduku la vyombo lilikuwa kati ya miguu yake, mpini wa msumeno umetokeza. Yule mama aliliona, akatugawia viazi vingine, hakuuliza tena.

Bihambwe tuliipata ilivyokuwa. Mama alikunywa mashanza, yale maziwa ya kuganda, mpaka akaumwa tumbo. Papa alirudia useremala: milango, mabenchi ya shule, vyombo vya mti vya kukamulia. Watu wa kwetu walimheshimu na hawakujua kitu, maana sisi hatukusema. Katekisti mpya, ambaye alikuwa amesikia habari za wale watakatifu wa zamani, alikuja kumwomba achore njia ya msalaba kwa ajili ya kanisa. Papa alimwambia mkono wake umeharibika. Katekisti akautazama ule mkono, ambao asubuhi hiyohiyo ulikuwa umechonga mguu wa meza, akaona vibaya kubisha. Mdogo wangu wa kike alipomsumbua amchoree ndama, hata ndama tu, alimpa kipande cha kaa na ubao akamwambia achore mwenyewe. Alikaa karibu naye akiangalia, mikono katikati ya magoti.

Miaka ilipita. Nilikuwa msichana mkubwa, tayari nimeposwa, siku shofere alipokuja. Alikuwa ameacha kampuni na sasa aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja, akipakia viazi na kabichi milimani. Aliuliza njiani nyumba ya seremala, watu wakamleta. Nywele zimeingia mvi juu ya yale masikio. Mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo akakaa, na Mama akampikia.

Alitupa habari kidogokidogo, kama mtu anayetoa mizigo ndani ya lori. Kapita alipandishwa cheo akapelekwa machimbo mengine. Karani alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mjane alirudi kwa wazazi wake, baadaye akaolewa tena, na mtoto wake anasoma. Mahali pale paliachwa. Maji yamejaa shimoni, watoto wanaogelea. Papa alisikiliza yote, akauliza juu ya yule mtoto mara mbili. Habari ya mbao hakuiuliza.

Kisha, bila mtu kumwuliza, akasema, "Mimi nilionaka ule ukingo."

Shofere aliweka bakuli chini. "Sisi wote tulionaka."

"Mimi nilikuja kula. Niliona, nikakuja nyumbani, nikakula."

"Na mimi nilipitisha lori pale juu," shofere akasema, "tairi likazama kidogo. Nikajua. Kesho yake nikabadilisha njia, nikapita huku chini, kwenye mawe. Njo kitu nilifanya. Nilibadilisha njia, sikusema juu ya nini."

Mvua ilipiga majani ya paa. Papa alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka kule chini nilimwona akilia. Hakujificha. Shofere naye hakumwambia anyamaze. Alimtaja marehemu kwa jina lake, jina ambalo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba yetu tangu Ntoto na hata kabla, akaanza kusimulia jinsi siku moja walivyokwama naye porini, lori limezama kwenye matope, na yule bwana akaingia msituni akarudi na nungu na kuni kavu, na kuni kavu huko hakuna anayejua alizitoa wapi.

"Alilala?" Papa akauliza.

"Chini ya lori. Mimi niliogopa chui mpaka asubuhi. Yeye alilala."

Waliendelea hivyo, mmoja akimkumbusha mwingine, mpaka mvua ikapungua na wenye viazi wakaja kuita kwamba mzigo uko tayari. Papa akavaa koti, akaenda naye kumsaidia kuupanga.